Je, Kuitengeneza Picha ni Kusema Uongo?

Siku hizi watu wengi vijijini wana simu zenye kamera, na vijana wetu hawatosheki na kupiga picha tu, bali wajifunza pia kuzitengeneza: kuziongezea mwanga, kuzikata kingo, kufuta kitu kisichotakiwa na kubadili rangi. Wazee wengine wakiona hayo hutikisa vichwa na kusema kwamba picha iliyoguswa ni picha ya uongo. Vijana nao hujibu kwamba huo ni ufundi tu, kama ufundi wa mshona nguo anayepunguza kanzu ili imkae mtu vizuri. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina neno la kweli, walakini hakuna uliofika kwenye shina la jambo. Basi na tulipime polepole, maana amri iliyotukataza kumshuhudia jirani uongo haikuuhusu ulimi peke yake.

Kwanza yafaa tujue picha hizi ni kitu gani. Zamani picha iliandikwa na nuru juu ya filamu iliyopakwa dawa. Kamera ya dijitali haina filamu. Nyuma ya lenzi yake mna kipande kidogo chenye vituo vingi mno vya kupokea nuru. Kila kituo hupima nuru iliyokiangukia, na kipimo hicho huandikwa kwa hesabu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, aliunda kamera ya namna hii. Picha yake ilikuwa na nukta 100 kwa 100, yaani 10,000, na kuiandika katika utepe wa kaseti kulichukua sekunde 23. Leo simu nyingi hutoa picha zenye nukta milioni 12 au zaidi, nazo nukta hizo huitwa piseli. Kwa kawaida kila piseli ina hesabu tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila hesabu huanzia 0 hadi 255.

Kuihariri picha, basi, ni kuzibadili hesabu hizo. Ndugu wawili, Thomas na John Knoll, waliitunga programu ya kazi hiyo iitwayo Photoshop, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1990. Sasa programu za namna hiyo zimo ndani ya simu zetu. Zamani aliyetaka kuibadili picha alihitaji wembe, brashi na mkono wa fundi, na mara nyingi aliacha kovu. Leo mtoto aweza kuibadili kwa kidole, na jicho lisione kovu lo lote.

Je, kwa kuwa kubadili kumekuwa rahisi hivi, kila badiliko ni uongo? Hapana, na sababu ni hii: kamera yenyewe si shahidi mkamilifu. Yenyewe hupima nuru ya mahali pote na kutafuta wastani. Msimamisheni mama mwenye uso mweusi mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, jua likiwa kali. Kamera itauona weupe mwingi, itapunguza nuru, na uso wa yule mama utatoka kama kivuli kisicho na macho. Je, hivyo ndivyo tulivyomwona? Sivyo kabisa. Hata zamani za filamu za rangi mambo yalikuwa hivyo, kwani kwa miaka mingi Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, na sura za watu weusi mara nyingi zikatoka vibaya.

Basi mpiga picha akiugusa uso wa mama yule katika kioo cha simu, ili kamera ipime nuru ya hapo, au baadaye akiongeza mwanga mpaka macho na mikunjo ya uso ionekane, hakusema uongo. Amesahihisha uongo wa chombo. Na afadhali asahihishe kabla ya kupiga: amtoe mtu katika jua la saa sita, ambalo hutia giza machoni, amweke kivulini mwa mwembe au barazani, uso ukiielekea nuru.

Lakini tazameni sasa. Kidole kile kile, kikifanya kazi ile ile ya kuongeza mwanga, chaweza kuendelea mbele hata ngozi ya mama yule ikawa nyeupe kuliko alivyoumbwa. Kisha mikunjo ikafutwa, na pua ikapunguzwa. Tena baadhi ya simu huzilainisha nyuso zenyewe, bila kuagizwa. Hapo hatusahihishi chombo tena, bali twajitia kumsahihisha Muumba.

Mtu atasema, "Picha ya arusi ni pambo, wala si ushahidi, nani ameumizwa?" Twakubali kwamba pambo lina mahali pake, na bibi arusi hana hatia kwa kuvaa shela. Lakini shela hujulikana na wote kuwa ni shela. Picha ile itatundikwa ukutani miaka mingi, na binti atakayezaliwa ataitazama na kujifunza, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba rangi ya mama yake ilikuwa kitu cha kufichwa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nani atakayependa kukumbukwa kwa uzuri wa namna hiyo?

Wala tusidhani kwamba picha isiyoguswa ni salama. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley huko Uingereza, wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha zilizoonyesha vijitu vyenye mabawa vikicheza majanini. Mtaalamu wa picha aliyezichunguza alisema hazikughushiwa, na Arthur Conan Doyle, mtunzi mashuhuri wa hadithi za upelelezi, alizisadiki na kuziandikia makala mwaka 1920. Mwaka 1983 wale wawili, wamekwisha kuwa wazee, walikiri kwamba vijitu vile vilikuwa karatasi zilizochorwa, zikakatwa, zikasimamishwa kwa pini za kofia. Kamera iliandika kwa uaminifu kile kilichowekwa mbele yake, na bado ulimwengu ulidanganywa. Hali kadhalika mtu akipiga picha ya darasa lililoanguka ili awaombe wafadhili fedha, naye akaikata kingo ili jengo jipya lililo kando lisionekane, hakubadili rangi ya piseli hata moja, lakini amesema uongo.

Kwa upande mwingine, picha iliyopangwa yaweza kuwa kweli tupu. Mwezi wa Mei mwaka 1904, huko Baringa katika Kongo, mtu aitwaye Nsala alifika katika misheni akichukua mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimketisha barazani, viungo vile vikiwa mbele yake, akampiga picha. Naam, alichagua mahali, akachagua nuru, akachagua dakika. Lakini baba alikuwa ndiye, na mtoto alikuwa ndiye. Picha za namna hiyo zilionyeshwa mikutanoni huko Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 Mark Twain, katika kitabu chake cha kumkejeli mfalme Leopold wa Pili, alimwonyesha mfalme huyo akilalamika kwamba kamera ndiyo shahidi pekee asiyeweza kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Kongo mikononi mwake na kuikabidhi serikali ya Ubelgiji. Picha hazikuifanya kazi hiyo peke yake, lakini zilikuwa miongoni mwa mashahidi wake wenye nguvu.

Tukiyaweka mambo haya pamoja twaona wazi kwamba swali la wazee na vijana halikuulizwa sawasawa. Tusiulize tu, "Picha imeguswa au haikuguswa?" Tuulize, "Yule atakayeitazama ataamini nini, na jambo hilo ni kweli?" Mama wa ukutani aliangazwa, na picha yake ni kweli. Vijitu vya Cottingley havikutiwa katika picha baada ya kupigwa, na picha zake ni uongo.

Twawasihi wanaojifunza kazi hii washike mambo matatu. La kwanza, waitunze picha ya asili kama ilivyotoka katika kamera, na kuifanyia kazi nakala yake, ili akitokea mwenye kuuliza wawe na jibu. La pili, wasifanye badiliko wasiloweza kumweleza kwa kinywa yule aliyepigwa picha na yule atakayeitazama. Aliyeongeza mwanga usoni aweza kusema hivyo mbele ya kanisa zima. Aliyelificha jengo jipya hawezi. La tatu, picha ya mtu aliye katika msiba au umaskini isipigwe wala kupelekwa kokote bila ridhaa yake, kwani huzuni yake si mali yetu.

Mtu akiona kwamba twayakuza mambo madogo, na alifikiri hili. Leo zipo mashine zinazoweza kuunda sura ya mtu asiyepata kuishi. Kila picha ya uongo ikigunduliwa, watu hujifunza kutosadiki picha yo yote. Hasara hiyo haimwangukii mdanganyifu peke yake. Humwangukia yule baba ambaye kesho atafika na ushahidi wa damu ya mtoto wake, naye mdhalimu atajibu kwa neno moja tu, "Imetengenezwa." Kwa hiyo kijana anayejifunza leo kutumia kamera ajue kwamba kila picha ya kweli anayoitoa yamwekea mtu huyo akiba ya kusadikiwa, na kila ya uongo yaipunguza akiba hiyo.