Unyoofu wa Ukuta na Uadilifu wa Jicho

Yaweza kudhaniwa kuwa ni jambo dogo mno la kutafakari, mpiga picha wa majengo kuchagua kichwa cha kukalishia kamera juu ya tripodi. Lakini ndani yake limo suala ambalo wanazuoni walilishughulikia karne nyingi kabla kamera haijabuniwa, nalo ni hili: mwenye kushuhudia, ashuhudie kwa kadiri ya jicho lake, au kwa kadiri kitu kilivyo?

Ibn al-Haytham wa Basra, katika Kitab al-Manazir alichokitunga huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza kwamba nuru huingia machoni kutoka kwenye vitu, na kwamba mengi tudhaniayo tumeyaona, akili ndiyo iliyoyahukumu. Kwa hiyo asimamaye chini ya mnara akainua uso hazioni kuta zake zikiinamiana, ingawa sura iliyomo jichoni imesongamana kuelekea juu. Kamera haina akili hiyo: ikiinuliwa kidogo tu, mistari ya wima hukaribiana, na nyumba ikaonekana kama itaanguka chali. Basi anayeisawazisha kamera hadanganyi, kama wasemavyo wengine; hukirudishia chombo ile hukumu ambayo Mola aliwajaalia wenye macho.

Mambo matatu ndiyo ya kusawazishwa: kamera huinama mbele na nyuma, hulala upande, na hugeuka kulia na kushoto. Kichwa cha tufe huyalegeza yote matatu kwa mara moja, hata ukilirekebisha kosa la upande, ukaliharibu lile la mbele lililokwisha kutengenea. Kichwa cha gia huupa kila mhimili kishikio chake, ukauzungusha kidogo kidogo, na ukiuacha hubaki palepale. Nakipenda kwa sababu hiyo: humlazimisha mtu kuhukumu jambo moja kwa wakati wake, kama kadhi asiyechanganya kesi mbili.

Katika nyumba kongwe za Lamu, ambazo vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, hapana budi kutumia lenzi pana, nayo hufichua hata mwinamo mdogo kabisa wa kamera. Tena kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa umri wake, nyingine zimekwisha kuiacha timazi. Je, kamera isawazishwe na ukuta, au na pimamaji? Rai yangu ni pimamaji, wala sioni shaka. Qur'ani, katika Suratur-Rahman, imeitaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, ikakataza kuipunja. Na anayeifuatisha kamera ukuta ulioinama amezisingizia zile kuta nyingine zote, akaunyima na ule mmoja haki ya kuonekana mzee.

Kwa kamera ya kawaida, kichwa cha gia cha Manfrotto 410 chenye uzito wa kilo 1.22, kihimilicho kilo 5, chatosha. Mwenye kamera nzito aitazame 405, ambayo huhimili kilo 7.5. Arca-Swiss Cube bei yake ni mara kadhaa ya bei ya hivyo viwili, na fadhila yake ni kwamba mihimili ya mwinamo iko karibu na kamera, hivyo picha haihami sana unapoisawazisha. Kwa ambaye hii ndiyo riziki yake, siioni kuwa israfu. Kabla ya kulipa, mnunuzi aifunge kamera yake na lenzi nzito kuliko zote, akizungushe kishikio mbele kisha nyuma, na aangalie kama gia zina ulegevu kabla meno hayajashikana.