Urithi wa Rangi na Thamani ya Mtu

Katika nyanda za juu za Kamachumu, wilayani Muleba, mwana hurithi kibanja mbele ya mashahidi. Migomba huonekana, mibuni huhesabika, mipaka hujulikana, na ukoo husema nani amepewa na nani amenyimwa. Lakini upo urithi mwingine usio na shahidi wala wosia. Huo hupita mwilini kimya kimya, na pengine hujificha vizazi vingi kabla ya kudhihiri katika ngozi ya mtoto mmoja. Mtoto huyo azaliwapo na ualbino, swali la kwanza la watu aghalabu huwa la hukumu: kosa ni la nani?

Jawabu la elimu ni wazi. Mwaka 1866 mtawa Gregor Mendel alitangaza matokeo ya majaribio yake ya njegere, akaonyesha kuwa sifa iliyofichika kwa wazazi yaweza kutokea kwa watoto. Ualbino wa ngozi, nywele na macho hufuata kanuni hiyo. Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea moja ya ualbino na moja iliyo kamili huwa na rangi ya kawaida, wala hajui alichobeba. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina bahati 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino, 2 kati ya 4 ya kuleta mbebaji, na 1 kati ya 4 ya kuleta asiyebeba kitu. Bahati hiyo haikumbuki yaliyopita. Mimba ya pili haipunguziwi wala haiongezewi kwa sababu ya ile ya kwanza. Basi mume amfukuzaye mkewe kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo humdai mwenzake deni ambalo nusu yake ni lake mwenyewe.

Kanuni hii haikuwekewa binadamu peke yake. Yuko mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na India. Marekani na Ulaya hufugwa kwa ajili ya uzuri wa ngozi yake. Wafugaji wanajua ualbino wa aina tatu katika mijusi hao. Wakipandisha wawili wa aina mbalimbali, watoto huweza kutoka na rangi ya kawaida, maana kila mzazi hukamilisha upungufu wa mwenziwe. Bei nayo hufuata ngozi: madoa yakiwa adimu, mjusi huwa ghali.

Mjusi akiuzwa kwa ngozi yake, soko limefanya kazi yake. Mtu akitiwa bei kwa ngozi yake, utu umeuawa kabla ya mwili. Mwezi wa Mei 2024 mtoto mwenye ualbino, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aliibwa nyumbani kwao Kamachumu. Mwezi wa Juni mwili wake ulipatikana, baadhi ya viungo vimekatwa.

Je, ni ujinga wa urithi unaozaa ukatili wa namna hii? Elimu ya jeni humtoa mama katika lawama, na hilo ni jambo kubwa. Lakini anunuaye kiungo cha mtu aweza kuijua hesabu yote ya Mendel na bado akanunua. Kosa lake si la hesabu, ni la kipimo: amempima mtu kwa mizani ya bidhaa.

Husemwa pia kwamba mtoto huyo aheshimiwe kwa kuwa ualbino si kosa la mtu. Maneno haya ni ya huruma, lakini msingi wake ni dhaifu. Yakikubaliwa, kila ambaye wazazi wake wangepatikana na kosa angeweza kunyimwa heshima. Heshima ya mtoto haitokani na kutokuwa na hatia kwa wazazi wake. Inatokana na yeye kuwa mtu. Elimu na imsafishe mama. Ulinzi wa mtoto ni wajibu wa kila jirani, hata asiyejua jeni ni kitu gani.