Ala ya Bastola na Dhamana ya Mchukuzi

Huko Marekani raia wengi huchukua bastola chini ya nguo, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha haki ya kuchukua silaha nje ya nyumba kwa kujihami. Suala la haki limejibiwa na mahakama. Suala la dhamana lamhusu mchukuzi mwenyewe.

Dhamana hiyo huanza na ala. Ziko ala zinazoishika bastola kwa msuguano tu, unaokazwa kwa skrubu. Nyingine zina ukanda au kitufe ambacho sharti kifunguliwe kwanza kwa kidole ndipo silaha itoke. Wapo wanaoikataa hii ya pili, wakihofu kuchelewa adui akitokea.

Hofu hiyo si ya upuuzi. Lakini polisi wa huko wamepata kuuawa kwa bastola zao wenyewe walizopokonywa. Tena tarehe 30 Desemba 2014, mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alitia mkono katika mkoba wa mama yake dukani, akaifikia bastola, na mama akafa kwa risasi. Alikuwa na kibali.

Basi aulizaye, "Nitaichomoa upesi namna gani?" ameuliza nusu. Nusu ya pili ni, "Nani mwingine aweza kuichomoa?" Kuchelewa kwaweza kupunguzwa kwa mazoezi, na hatari yake ni ya mtu aliyechagua silaha. Hatari ya ala legevu huwaangukia wasiochagua lolote. Asiyekubali kuubeba uzito huo, na aiache bastola nyumbani chini ya kufuli.