Mbayuwayu Kwenye Waya wa Stima

Somo: Mathayo 6:25-34, 10:29-31

Wiki mbili zilizopita nililetewa barua kazini. Wengi wenu mnajua kwamba huduma naifanya jioni na wikendi, mchana niko ofisini na mambo ya hesabu. Barua ilisema idara yetu inapunguzwa na mkataba wangu ukiisha Desemba hautaongezwa. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, na kwa siku tatu sikumwambia mke wangu. Naam, mimi huyu ninayewahubiria imani.

Siku ya nne niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaanza kupiga hesabu. Nilisomea biashara, kwa hivyo hata woga wangu huja umepangwa kwa safu: kodi ya nyumba, karo, mkopo wa Sacco. Hesabu ikakataa. Kulipopambazuka nikatoka nyuma ya nyumba, pale tunapoanika nguo, nikaketi juu ya ndoo niliyoipindua.

Huko nyuma hakuna bustani ya kusifiwa. Kuna mistari miwili ya sukuma wiki, tangi la maji, na jakaranda ya jirani inayotumwagia maua kila Oktoba. Juu ya waya wa stima mbayuwayu walikuwa wamejipanga. Mwezi wa saba hawakuwepo.

Ndege hawa wanatoka Ulaya na Asia. Huko sasa ni majira ya majani kupukutika, yale vitabu vya shule huita vuli, ingawa kwa ndugu zetu wa Pwani vuli ni hizi mvua fupi tunazozingoja. Siku zinafupika, wadudu walio chakula chao wanapungua, nao wanaondoka kabla baridi haijafika. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Wengine pale kwenye waya walianguliwa mwaka huu huu. Afrika hawakuwa wameiona hata siku moja.

Sasa, tumezoea kuhubiri Mathayo 6 kana kwamba ndege hafanyi lolote. Si kweli. Kabla ya kuvuka jangwa mbayuwayu hula sana ili ajiwekee mafuta mwilini, na akifika hapa halishwi mdomoni, anafukuza chakula chake hewani kutwa. Kwa hiyo ndugu anayetumia andiko hili kukwepa kuweka akiba, tafadhali aache.

Lakini kuna jambo lililonisumbua pale kwenye ndoo. Wengi wao hawafiki. Dhoruba, njaa, uchovu. Na wachanga ndio hufa zaidi. Nikamwuliza Mungu waziwazi: kama unawalisha, hao walioanguka jangwani je? Ndipo nikakumbuka sura ya 10. Yesu anataja shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, wala hasemi kwamba hawataanguka. Anasema hakuna hata mmoja anayeanguka pasipo Baba.

Miaka mingi nimelisoma andiko hilo kama ahadi ya kutoanguka. Nimewaombea baadhi yenu hivyo. Niliwaambia, "Kazi hiyo haitaondoka," na ikaondoka. Nawaomba msamaha. Nilitoa ahadi ambayo Bwana hakuitoa, na pengine mlienda nyumbani mkidhani imani yenu ndiyo iliyopungua.

Mke wangu akatoka na beseni la nguo. Nikaingia ndani, nikamletea ile barua. Akaisoma yote, akaikunja.

"Baba watoto, siku tatu umebeba hii peke yako?"

Sikuwa na jibu. Akanipa ncha ya shuka nishike tukamue. Wale ndege wakaruka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya tangi, wakarudi kwenye waya.

Sijui Januari itakuwaje kwetu. Ijumaa kwenye kesha nitaileta barua hiyo madhabahuni. Kama nawe una yako, iwe ya kazi, ya mwenye nyumba au ya hospitali, njoo nayo. Tutaomba, halafu wenye kutaka tutabaki nyuma tupige hesabu pamoja, mtu na bajeti yake. Kalamu na karatasi nitakuja nazo.