Nani Aungame Kwanza?

Nilizaliwa katika miaka ya foleni. Mama hunieleza kwamba nguo zangu za uchanga zilifuliwa kwa majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa haionekani madukani. Hapa Tabora watu walipanga mawe mbele ya duka tangu alfajiri, kila jiwe likimshikia mwenyewe nafasi wakati yeye amekwenda kuchota maji. Chakula kilikuwa unga wa njano wa msaada, ambao watu waliupa jina la “yanga”. Wazee wa usharika wanapoikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini, mazungumzo huishia kwenye swali moja: kosa lilikuwa la nani?

Swali hilo ni la siasa, lakini ni la imani pia. Taifa linapopatwa na dhiki, kiongozi aanze kutafuta kosa wapi?

Sababu za dhiki ile zilikuwa nyingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vikala fedha za kigeni tulizokuwa nazo. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena duniani. Hayo yalitoka nje. Mengine tuliyafanya wenyewe. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972. Kati ya 1974 na 1976 watu walihamishiwa katika vijiji, wengine kwa nguvu, wakiacha mashamba na miembe yao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa, na mkulima akabaki mikononi mwa mamlaka za mazao ambazo hakuwa na sauti ndani yake.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora ujanani, aliijibu dhiki hiyo kwa namna tatu.

Kwanza, alisimama mbele ya wenye nguvu. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipotaka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yakatwe, aliwauliza mabalozi katika Mwaka Mpya wa 1980 ni lini shirika hilo lilifanywa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Lilikuwa swali la haki. Anayekopesha hana ruhusa ya kumtawala mkopaji.

Pili, alitafuta wakosaji. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, vilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi walifurahi, maana walanguzi walikuwepo kweli na bidhaa zilizofichwa zilifichuka. Lakini sheria iliyotungwa mwaka ule iliunda baraza maalumu la hukumu ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, na ikagusa hata makosa yaliyotendwa kabla haijatungwa. Mama alikuwa na miche miwili ya sabuni aliyoletewa na kaka yake. Usiku mmoja aliifukia nyuma ya nyumba, na mpaka leo anacheka akisimulia. Siku ile hakucheka.

Tunaijua habari ya Akani katika Yoshua 7. Israeli ilishindwa vitani, Yoshua akapitisha kabila kwa kabila, nyumba kwa nyumba, mpaka aliyeficha nyara akapatikana. Kila dhiki ina Akani wake, na si vibaya kumtafuta. Hatari ni kudhani kwamba akipatikana, kazi imekwisha. Kumkamata mwenye katoni kumi za sabuni hakutengenezi sabuni ya kumi na moja. Ulanguzi huota mahali ambapo bidhaa zimeadimika, na waliopanga mambo hata zikaadimika wana la kujibu pia.

Biblia inatupa kiongozi mwingine, mfalme wa Ninawi katika Yona 3. Habari mbaya ilipomfikia, hakuanza na wafanyabiashara wa sokoni. Aliondoka kwenye kiti chake cha enzi, akavua joho, akaketi majivuni. Baada ya hapo ndipo alipotoa amri kwa watu. Alianza na kiti chake, kisha akaenda sokoni.

Jibu la tatu la Mwalimu linakaribia hilo. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo asingeyarudia, akataja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kwa ushirika. Wakati huo vyote viwili vilikuwa vimeanza kurudishwa kwa sheria. Mwaka uliofuata aliondoka madarakani kwa hiari, na mwaka 1986 mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, akakubaliana na lile shirika.

Wapo wanaosema ungamo lile lilichelewa, na kwamba halikutaja yote. Nakubaliana nao. Aliyeng'olewa kwenye shamba la baba yake hakurudishiwa miembe yake kwa maneno ya mahojiano. Lakini ni viongozi wangapi umewasikia wakisema “tulikosea” wakiwa bado wamekalia kiti?

Wengine huogopa kwamba kiongozi akikiri kosa, watu watamdharau. Tuiangalie barabara yetu ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji. Mbele ya wapagazi alitangulia kirangozi. Kama alipotea njia akaona haya kugeuka, waliolipa ni wale waliofuata na mizigo mabegani. Kila hatua ya kiburi chake ililipwa na bega la mtu mwingine.

Nami naliandika hili kama mdeni. Katika usharika mmoja niliotumika tulinunua mashine ya kusaga, ikafa kabla ya mwaka kwisha. Niliwalaumu vijana walioiendesha, nikamwondoa mmoja kazini. Ukweli ni kwamba niliinunua bila kulisikiliza baraza la wazee, ambao walinionya kwamba pale maji na mafuta ni shida. Ilinichukua miaka miwili kusimama mbele ya baraza na kulisema hilo. Yule kijana alikuwa ameshahama. Sikumpata kumwomba radhi.

Luther alianza hoja zake za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Hakumtoa askofu, mfalme wala baba wa nyumba. Ndiyo maana kila Jumapili, kabla ya neno lolote kuhubiriwa, mchungaji huigeukia madhabahu, akawapa washarika mgongo, akaungama pamoja nao. Dakika ile hana cheo. Baba aliyepoteza ada ya watoto, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, mzee wa kanisa, kila mmoja wetu anacho kiti chake. Dhiki ikija tena, na itakuja, tuanze kuulizana tukiwa tumeshuka kwenye viti hivyo.