Asiyeandikwa Hayupo?

Ukiifungua ramani ya mimea ya Afrika iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983, kazi ya Frank White, Mafia utaitafuta kwa macho makali. Sentimita moja ya ramani ile ni kilomita 50. Kwa hiyo kisiwa chetu kizima, minazi, mikoko na msitu wa Mlola, kinaenea kwenye ukucha wa kidole!

White aliuweka mwambao, toka kusini mwa Somalia hadi mdomo wa mto Limpopo, katika kanda moja aliyoiita Zanzibar-Inhambane. Mwaka 1998 Clarke akaikata mara mbili, na sehemu ya kaskazini akaipa jina la Waswahili. Mwaka 2012 Peter Linder na wenzake wakaigawa upya Afrika ya kusini mwa Sahara, safari hii kwa hesabu za kompyuta.

Hesabu yenyewe si uchawi, bwana. Unachukua orodha za mimea za mahali mbalimbali, unazilinganisha. Zinazofanana sana ni kanda moja. Tuseme Mlola ina aina 100, na msitu fulani kule Rufiji una 100, na 60 zinapatikana kote kuwili. Ndugu hao! Lakini mtafiti akikaa Mlola siku mbili za kiangazi, maua hakuna, akazikosa 30 kati ya zile 60, basi undugu umekatika na mpaka unapita baharini.

Hapo ndipo penye swali langu. Sifuri katika orodha ina maana mbili: mti haupo, au hakuna aliyeutazama. Bibi anayechimba dawa anaujua kwa harufu ya gome lake. Kompyuta haimuulizi bibi. Je, ni haki kumhesabu asiyeandikwa kuwa hayupo?

Mwingine atasema, basi tusichore mpaka tujue yote. Hapana. Shoka halingoji, na msitu usio kwenye ramani yoyote hauna wa kuutetea. Kuchora tuchore. Dhuluma ni kutumia wino ule ule pale palipochunguzwa miaka na pale palipopitwa mbio. Anayechora aseme: hapa nilikaa siku mbili.

Nasi tunaoandika hadithi za watu, je, huwa tunasema tulikaa nao siku ngapi?