CHUMBA KIDOGO CHA MAMA WA SHUNEMU

Masomo: 2 Wafalme 4:8-10 na 2 Wafalme 8:1-6



Tunasoma habari ya mama mmoja wa mji wa Shunemu. Biblia haikutupa jina lake. Inatuambia tu kwamba alikuwa mtu mwenye mali, na kwamba nabii Elisha kila alipopita katika mji ule alikula chakula kwake. Siku moja mama huyo alizungumza na mume wake: tumjengee mtu wa Mungu chumba kidogo huko juu ya dari, tumwekee kitanda, meza, kiti na taa. Wakapatana, wakajenga. Nabii alipofika tena, akaingia, akapumzika.

Ndugu, tuangalie jambo hili vizuri. Mama huyu alikuwa na uwezo. Angeweza kusema: nabii mkubwa anastahili nyumba kubwa, tungoje mavuno ya miaka mitano. Hakungoja. Alijenga kidogo, akamaliza, na chumba kikapata mtu wa kukaa ndani. Na kumbukeni: ni katika chumba hicho alipewa ahadi ya mtoto, yeye asiyekuwa na mwana. Na mtoto alipokufa, alilazwa juu ya kitanda hicho hicho, na hapo Mungu akamrudishia uhai kwa maombi ya nabii wake. Mambo makubwa namna hiyo yalifanyika katika chumba chenye vitu vinne tu.

Hili ndilo neno ninalowaletea: Mungu hahesabu metre za nyumba yako. Anauliza kama watu wako wamekaa ndani yake kwa amani, na kama Yeye ana nafasi hapo.

I. TUJENGE KADIRI YA MKONO WETU

Kwetu hapa Goma, watu wengi wana haya ya nyumba ya mbao. Mashemasi tunapopita kutembelea familia, kuna mama anayetupokea njiani na kusema, musiingie, kwangu ni kibanda tu. Mama, usiseme hivyo. Nyumba ya mbao ni hekima ya mji huu. Ardhi yetu ni mawe ya volkeno; kuchimba msingi ni kazi ya nyundo na jasho. Fundi anasawazisha mawe, anasimamisha nguzo, anapiga mbao, anaweka mabati, na familia inaingia. Mbao zafika kwa chukudu, na ikilazimu kuhama, nyumba yafunguliwa msumari kwa msumari na kusimamishwa mahali pengine. Ni nyumba kweli, wala si ya kuonea haya.

Haya hiyo ndiyo inayoharibu wengi. Nimemwona ndugu mmoja aliyenunua parseli ndogo. Badala ya kuweka vyumba viwili vya mbao, alianza msingi wa mawe na simenti wa vyumba saba na saluni kubwa. Miaka tisa imepita. Majani yameota juu ya msingi. Wakati huo wote yeye, mke na watoto sita wanapanga kwa watu. Kila mara mwenye nyumba anapandisha bei. Kila wakihama wanadaiwa garanti ya miezi mingi kwa mara moja. Watoto wamebadilisha shule mara nne. Pesa alizomwaga kwa wenye nyumba zingetosha kujenga nyumba ndogo na kubaki. Mke wake alimwambia hayo tangu mwaka wa kwanza, lakini hakusikilizwa.

Bwana Yesu alitufundisha katika Luka 14 kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akashindwa katikati na kuchekwa na wapitao. Na Mezali 24:27 inatuagiza kutengeneza kwanza kazi ya shamba, halafu nyumba. Maana yake, chakula cha watoto na kazi inayokulisha vitangulie. Nyumba ifuate nguvu zako.

Basi baba, keti na mama, kama wale wa Shunemu walivyozungumza. Hesabuni pamoja. Wekeni nyumba ndogo upande mmoja wa parseli, ili nafasi ibaki kwa siku ambayo Mungu ataongeza. Anzeni na mabati mazuri, kwa maana mvua ya Goma haina huruma, na maji yanayotoka juu ya mabati yakiingia katika pipa yatapunguzia watoto safari ya kwenda ziwani na bidoni. Sakafu ya simenti itafuata, rangi itafuata.

II. TUJENGE KWA MIKONO SAFI

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Mfalme huyo alijijengea nyumba pana, yenye vyumba vya juu, madirisha makubwa, mbao za mwerezi na rangi nyekundu. Lakini aliwatumikisha watu bila kuwalipa mshahara. Mungu akasema ole wake. Nyumba ilikuwa nzuri, na laana ilikaa ndani yake.

Ndugu mjenzi, umemlipa fundi? Umemlipa kijana wa chukudu aliyeleta mbao? Na yule mama aliyeponda mawe siku nzima, mtoto mgongoni, ili upate kokoto? Usimwambie arudi Jumatatu, na Jumatatu umwambie arudi Ijumaa. Nyumba ndogo isiyo na deni ndiyo inayoleta usingizi.

Halafu, tuchunge karatasi. Katika nchi yetu, tangu sheria ya mwaka wa 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo usinunue parseli kwa maneno na soda tu. Uliza majirani, fika kwa shefu wa katiye, andika mbele ya mashahidi, fuata ofisi zinazohusika, tunza karatasi mahali ambapo mvua na panya hawafiki. Parseli moja ikiuzwa kwa watu wawili, Wakristo wawili wanakuwa maadui mpaka kaburini.

Na neno kwa familia zetu. Baba akifa, ndugu zake wanafika kwenye kilio wakihesabu mabati kwa macho. Mama akilia mume, wao wanauliza funguo. Mambo hayo yasitajwe katika kanisa la Mungu. Hata Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka wa 1987 na iliyotengenezwa tena mwaka wa 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Kama sheria ya watu inamlinda, sisi tunaotaja jina la Mungu, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, tutajibu nini? Wewe mume uliye hai leo, andika jina la mke wako kwenye karatasi za parseli. Hiyo pia ni sala.

III. TUJENGE BILA KUMWAGA DAMU

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu alimwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba zetu hazina dari ya kutembelea juu yake, lakini agizo linabaki: nyumba yako isimuue mtu.

Kwanza ni moto. Nyumba za mbao zilizobanana, moja ikiwaka, kumi zinafuata. Tuache njia kati ya nyumba na nyumba. Mshumaa tusiuache juu ya mbao na kulala. Pili ni mbabula. Wakati wa baridi kuna wanaoingiza mbabula yenye makala chumbani na kufunga mlango. Hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha. Familia inalala na haiamki. Mbabula ibaki nje, usiku ni blanketi.

Tatu ni mazuku. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya wenye vyombo vya kupimia. Upande wa Sake, na kando ya ziwa magharibi ya mji, kuna mashimo na mabonde ambamo hewa nzito inatoka ardhini na kukaa chini kama maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, upepo usipovuma, inazidi. Mbuzi na mbwa hufa kwanza, na mtoto yuko karibu na ardhi kuliko baba yake. Ukiona parseli ya bei ndogo sana katika shimo, uliza wenyeji kwa nini ni rahisi. Usinunue kifo kwa kuwa ni bei nzuri.

IV. KITANDA, MEZA, KITI NA TAA

Sasa nyumba imesimama. Je, tutaishije ndani yake?

Kitanda ni pumziko na heshima. Katika nyumba ya vyumba viwili, pazia la baba na mama liheshimiwe, na wavulana na wasichana wapate kila mmoja upande wake, hata kwa kitambaa tu.

Meza ni umoja. Hata kama ni mkeka, tule pamoja. Baba asile kwenye malewa huku watoto wakigawana sombe bila yeye.

Kiti ni mgeni. Mama wa Shunemu hakujenga kwa ajili yake mwenyewe. Katika miaka hii ya vita, ni nyumba ndogo za mji huu zilizopokea watu wengi. Nimeona chumba kimoja kikilaza familia mbili, na nimeona nyumba kubwa zenye ukuta na mbwa ambazo hazikufunguliwa. Siku ya hukumu, Bwana atakumbuka kiti.

Taa ni sala. Iwashwe kila jioni: wimbo mmoja, fungu moja la Neno, magoti chini, kisha mtoto afanye kazi ya shule katika mwanga uo huo. Na mujue kwamba mbao hazifichi sauti. Jirani anasikia sala yetu, na anasikia pia matusi yetu. Mezali 21:9 yasema ni heri kukaa pembeni mwa dari kuliko katika nyumba pana pamoja na mke mgomvi. Waume wanapenda sana fungu hilo. Lakini na mume mgomvi je? Hata pembe ya dari anaijaza kelele. Katika nyumba ndogo hakuna chumba cha kukimbilia wakati wa hasira. Kwa hiyo tujifunze kuomba msamaha kabla ya kulala.

V. TUJUE KUTOKA, TUJUE KURUDI

Wengi husoma sura ya 4 na kuacha sura ya 8. Hapo Elisha alimwambia mama yule kwamba njaa ya miaka saba inakuja, atoke, aende kukaa po pote atakapopata. Mama akasikia. Aliacha nyumba, mashamba na chumba kile kidogo, akaenda katika nchi ya Wafilisti. Miaka saba ilipokwisha alirudi, akasimama mbele ya mfalme kudai nyumba yake na shamba lake. Na mfalme akaagiza arudishiwe vyote.

Ndugu wa Goma, habari hii ni yetu. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukala nyumba za mawe na nyumba za mbao bila kuchagua. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku mpaka Buhene, na siku tano baadaye watu wengi waliambiwa kutoka mjini. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na baada ya hapo kambi zilizotuzunguka zilitawanyika. Kuna waliorudi kijijini na kukuta mahali pa nyumba pana majani tu. Tunajua kutoka. Mama wa Shunemu anatufundisha kutoka mapema tunapoonywa, bila kurudi nyuma kwa ajili ya godoro au televisheni. Nyumba hujengwa tena. Mtoto aliyebaki ndani hajengwi tena.

Anatufundisha pia kurudi. Alidai haki yake mbele ya mwenye mamlaka, bila panga na bila kulogana. Naye uliyerudi na kukuta hakuna mlango, usione haya kuanza na chumba kimoja tena. Mungu aliyekuona ukijenga mara ya kwanza anakuona mara ya tatu.

MWISHO

Wapendwa, katika katiye zetu kuna wajane na wazee wanaolala chini ya bâche iliyochanika. Ninaomba kila kundi la sala lichague mmoja wao, na salongo yetu ya Jumamosi iende kwake. Mwenye misumari alete misumari. Seremala alete nyundo. Mwenye mbao tatu alete mbao tatu. Kijana asiye na kitu alete mabega. Tumwekee kitanda, meza, kiti na taa. Hatutaweza kwa wote mara moja, lakini mmoja tunaweza, na akimalizika huyo tutaanza mwingine.

Tuombe. Ee Mungu wa manabii, wewe usiyetosha katika mbingu lakini ulikubali kufika katika chumba kidogo, bariki nyumba zetu. Wasio na nyumba uwape, waliopoteza uwarudishie, walio nayo uwafungulie moyo na mlango. Taa isizimike kwetu mpaka siku ya nyumba ile ambayo mikono ya watu haikuijenga. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Shemasi, Goma